Pweza, Tonge la Wali na Milima ya Uluguru



 

Najua wapo waliokuja hapa na swali moyoni. Morogoro haina pwani. Ukiinua macho unaona kilele cha Bondwa, huoni tanga la jahazi. Sasa iweje mhadhara wa pweza usomwe chini ya mlima?

Jibu langu la kwanza ni maji. Mto Ruvu unaanzia katika milima hii iliyo nyuma yetu. Mto Mgeta unaingia humo. Ngerengere, unaopita mjini kwetu na kulijaza bwawa la Mindu, nao unaingia humo. Mwisho wa safari maji yote hayo yanamwagika katika Bahari ya Hindi, jirani na Bagamoyo. Njiani wakazi wa Dar es Salaam wanayanywa. Kwa hiyo udongo unaoporomoka shambani kwa mtu wa Mgeta wakati wa masika haupotei. Unahama, na unahamia kwa mtu mwingine.

Jibu la pili ndilo litakalotuchukulia muda. Pweza amewafundisha watu wa pwani somo ambalo mlima huu uliwahi kulifundisha kwa machungu, nalo ni namna ya kuipumzisha riziki bila kumdhulumu anayeitegemea. Nataka tuyasome masomo hayo mawili pamoja.

Mnyama asiye na mfupa

Pweza ni ndugu wa konokono. Wataalamu humweka katika kundi la moluska, pamoja na chaza, kombe na ngisi. Wenzake wengi wamebaki na gamba, yeye gamba hana. Mwili wake mzima ni nyama, isipokuwa mdomo wake mgumu uliopinda kama wa kasuku. Tundu lolote ambalo mdomo huo unapita, pweza mzima anaweza kupita.

Ana mioyo mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, wa tatu unaipeleka mwilini kote. Damu yake ni ya buluu, kwa sababu inabeba hewa kwa shaba, ilhali yetu hutumia chuma. Ana chembe za neva zipatazo milioni 500, na takribani theluthi mbili zake hazipo kichwani bali zimetawanyika katika minyiri yake minane. Kila mnyiri unajipapasia njia, na vinyonyeo vyake vinaonja kinachoguswa. Mkono wa pweza ukiingia kwenye ufa wa mwamba, unajua kilichomo kabla jicho halijafika.

Ngozi yake imejaa vifuko vidogo vya rangi vinavyovutwa na misuli. Kufumba na kufumbua, aliyekuwa kahawia kama jiwe amekuwa mweupe kama mchanga. Akizidiwa, hutoa wino na kutoweka nyuma yake. Hata hivyo adui wake mkubwa, mkunga, hadanganyiki kirahisi, maana anaishi katika mapango yale yale na ana pua kali.

Pweza anayevuliwa zaidi katika maji yetu wataalamu wanamwita Octopus cyanea. Huyu huwinda mchana, na makazi yake yameenea kutoka pwani yetu hadi visiwa vya Hawaii. Tabia hiyo ya kutembea mchana, kwenye maji ya kina kifupi, ndiyo inayomfanya apatikane kwa mtu asiye na chombo wala nyavu.

Sasa sikilizeni habari ya maisha yake, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Pweza huyu huishi mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Anapoanguliwa ni mdogo kuliko punje ya mchele. Huelea na mikondo kwa wiki kadhaa, kisha hushuka mwambani, hutafuta tundu na kuanza kula. Hapo hukua kwa kasi ya kushangaza. Jike hutaga mara moja tu maishani, mayai kwa malaki, na kuyaning'iniza ndani ya pango lake. Tangu siku hiyo haendi kuwinda. Anayasafisha mayai, anayapulizia maji yasioze, anawafukuza wanaoyanyemelea, na mwili wake unadhoofika siku hadi siku. Yanapoanguliwa, mama anakufa. Dume naye hadumu baada ya kupanda.

Kwa hiyo katika bahari yote hakuna pweza bibi wala pweza babu. Kila kizazi kinazaliwa yatima. Ukimvua jike mwezi mmoja kabla ya kutaga, umeondoa na ukoo wake mzima. Ukimwachia mwezi huo mmoja, amekurudishia mbegu ambayo hukuipanda.

Wanawake wa bamvua

Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bamvua hupwa mbali na mwamba hubaki wazi. Hapo ndipo wanawake wa Pemba, Unguja, Mafia, Kilwa na Mtwara huingia na fimbo au vyuma vyao kwenda kuchokoa pweza.

Mchokoaji mzoefu hamtafuti pweza mwenyewe. Anatafuta jalala lake. Pweza hula ndani na kutupa taka mlangoni, hivyo penye maganda ya kaa yaliyovunjwa upya, vipande vya kombe, na vijiwe vilivyopangwa kuziba tundu, mwenye nyumba yumo. Fimbo inaingizwa polepole. Pweza anaishika, fimbo inatikiswa, mnyiri wa kwanza unatoka, kisha wa pili. Mwanamke anashika, anavuta, anakigeuza kile kifuko cha kichwa nje ndani, na kazi imekwisha. Kisha anampigiza mwambani, tena na tena, mpaka povu litoke na nyama ilegee. Mwamba unapoanza kufunikwa na maji, anarejea na pweza wawili, watatu, pengine mikono mitupu. Fedha hiyo ndiyo daftari la mtoto na unga wa jioni.

Ninyi wazee wa Kiluguru mtalielewa hili haraka kuliko watu wengine, kwa sababu kwenu ardhi hufuata ukoo wa mama. Kule pwani, mwamba unaotembeleka kwa miguu kwa muda mrefu ulikuwa shamba la mwanamke. Mwanamume alikwenda kwenye kina kirefu na mshipi au nyavu, na pweza akawaachia wanawake na watoto.

Hali ilianza kubadilika wanunuzi walipofika vijijini na barafu. Kuanzia miaka ya 1990 pweza wa Tanzania aligeuka bidhaa ya kusafirishwa, hasa kwenda Ulaya ya kusini, Italia, Hispania na Ureno. Bei ilipopanda, wanaume walikuja na miwani ya kuzamia na mashua. Waliokuwa na chombo walifika mwamba wa mbali, na asiye na chombo alibaki kwenye maji ya magoti akigombea pweza wadogo. Mwaka 2002 Martin Guard na Yunus Mgaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti juu ya uvuvi huu wa pweza nchini, na suala la kuwalinda wadogo likapata msingi wa kitaalamu. Leo kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza asiyefika nusu kilo.

Tonge la Kijapani

Nimeombwa niseme pia juu ya Wajapani, kwa kuwa vijana wengi wameonja au wameona katika picha kile kiitwacho sushi. Wengi wanadhani sushi ni samaki mbichi. Sushi ni wali. Ni wali uliotiwa siki, chumvi na sukari kidogo, ukafinyangwa tonge, juu yake kikalazwa kipande cha samaki au kiumbe mwingine wa bahari. Tonge la namna hii lilipata umaarufu katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19. Liliuzwa vibandani, likaliwa kwa mkono na watu wenye haraka, kama supu ya pweza inavyonywewa kwenye kona za Dar es Salaam au Forodhani jioni.

Pweza kwa Kijapani ni tako, na kwa kawaida katika sushi haliwi mbichi. Kwanza husuguliwa kwa chumvi mpaka utelezi wote utoke. Kisha hukandwa kwa mikono. Katika filamu ya mwaka 2011 kuhusu mpishi mzee Jiro Ono wa Tokyo, tunaambiwa kwamba pweza hukandwa dakika 40 hadi 50 kabla ya kuchemshwa. Baada ya hapo hukatwa vipande vyembamba, kisu kikichezeshwa ili uso wa kipande uwe na mawimbi madogo na mchuzi wa soya upate pa kushika.

Mkumbukeni sasa yule mama mwambani anayempigiza pweza mpaka atoe povu. Nyama ya pweza imefumwa kwa nyuzi ngumu, usipozivunja utatafuna mpaka taya ziume. Mjapani alizivunja kwa kukanda, Mswahili kwa kupigiza, kisha akamchemsha taratibu na kumtia tui la nazi. Hawakufundishana. Kila mmoja alifundishwa na pweza.

Wajapani wamemvua pweza kwa karne nyingi kwa chungu cha udongo chenye shingo nyembamba kiitwacho takotsubo. Chungu hushushwa chini kwa kamba, pweza huingia akidhani amepata nyumba, asubuhi kamba huvutwa. Jina hilo limefika mpaka hospitalini. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walilitumia kuita ugonjwa wa moyo unaompata mtu baada ya mshtuko au msiba mzito, kwa sababu katika picha moyo wa mgonjwa hufanana na chungu kile.

Lakini bahari ya Japani haitoshi kuwalisha Wajapani pweza. Kwa miaka mingi wamenunua kutoka Mauritania na Morocco. Huko nako pweza alivuliwa kupita kiasi, mpaka serikali zikalazimika kutenga misimu ya kumpumzisha. Tonge linaloliwa Tokyo limesaidia kufunga uvuvi katika pwani za nchi hizo. Hapo ndipo mjue kwamba hakuna soko lililo mbali.

Mwanafunzi mmoja atauliza kama wali wetu nao ungefaa kwa tonge hilo. Mkoa huu ni mkoa wa mpunga, kuanzia bonde la Kilombero hadi Mvomero. Ila mchele wetu wa Supa ni mrefu, unanukia, na sifa yake ni kutoshikana. Mchele wa Kijapani ni mfupi na unanata, bila kunata tonge halisimami. Kila mmoja na abaki na uzuri wake. Supa pamoja na pweza wa nazi ni chakula kamili, hakihitaji cheti kutoka popote.

Mwingine atauliza kama tusimfuge. Hapa nasema wazi kwamba sishauri. Watoto wa pweza wanaoelea ni wagumu mno kuwalea. Pweza hula nyama tu, kwa wingi kuliko nyama atakayotoa, na akiwekwa pamoja na wenzake huwala. Tena ni mnyama mwenye akili na anayehisi maumivu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 imemtambua kuwa kiumbe mwenye hisia, na mwaka 2024 majimbo ya Washington na California, Marekani, yalipiga marufuku ufugaji wake. Njia yetu ipo penye mwamba wake.

Kufunga mwamba

Mwezi Novemba 2004, wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kuuacha mwamba wao mmoja, Nosy Fasy, bila kumvua pweza kwa miezi saba. Walipoufungua, pweza walikuwa wengi na wakubwa kuliko walivyozoea. Vijiji jirani vilipoona, navyo vikafanya hivyo. Mwaka 2012 kisiwa cha Rodrigues kikafunga uvuvi wa pweza kwa miezi miwili. Kwetu utaratibu huo umeshika Pemba, katika Kisiwa Panza, Unguja upande wa Kizimkazi, na Bara katika Songo Songo, wilaya ya Kilwa. Huko Zanzibar mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao umewasaidia wanavijiji kupanga na kupima.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Kijiji kinachagua sehemu ya mwamba, si mwamba wote, ili watu waendelee kupata kitoweo kwingine. Maboya yanawekwa. Kwa kawaida ni miezi mitatu. Kamati inalinda. Siku ya kufungua huchaguliwa kwa bamvua, watu huingia pamoja, na mavuno hupimwa kwenye mizani mbele ya macho ya wote.

Lakini urahisi wa kueleza si urahisi wa kutenda. Miezi mitatu ni mirefu kwa mjane mwenye watoto wanne. Mwizi wa usiku akichukua pweza kumi, anachukua na imani ya kijiji. Na siku ya kufungua pana swali zito: nani aingie kwanza? Wakiachiwa wenye mashua na miwani, wanawake waliovumilia robo ya mwaka watakuta matundu matupu. Kijiji kisichojibu swali hili kwa haki, mwamba wake hautafungwa mara ya pili.

Kwa nini jambo hili linafanikiwa? Sababu ya kwanza nimeitaja. Pweza hukua upesi, na faida ya kusubiri inaonekana kabla subira haijaisha. Ukipumzisha msitu, mjukuu wako ndiye atakayeona. Ukimpumzisha pweza, unaona wewe. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Waliofunga mwamba ndio wenye mwamba. Amri imetoka kinywani mwao.

Matuta ya 1955

Na hapo tunarudi nyumbani.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliona, na iliona sawa, kwamba udongo wa Uluguru unaporomoka. Ikaleta mpango wa matumizi ya ardhi. Watu wakaamriwa kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko, wakakatazwa kuchoma mashamba, na asiyefanya kazi akatozwa faini. Mahali pengi ngazi hizo zilikwangua udongo wa juu wenye rutuba na kuacha ule wa chini usiozaa kitu. Mama aliyelima eneo lile kwa miaka aliuona mteremko wake ukiharibiwa kwa jina la kuutunza. Hakuna aliyemuuliza. Julai 1955 wananchi waliandamana, Matombo pakawa na ghasia, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ule ukafa, na kwa miaka mingi baadaye neno tuta lilibaki na uchungu katika masikio ya watu wa hapa.

Nawasihi tusilisome tukio lile kana kwamba Waluguru walipinga kutunza ardhi. Ardhi walikuwa wakiitunza. Kuacha shamba lipumzike ni elimu ya mababu zao. Walipinga kutunziwa chao kwa viboko.

Tazameni tofauti. Kule Mbinga, Wamatengo wanalima ngoro, mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, majani yakifukiwa pembeni na maji yakisimama badala ya kukimbia. Ngoro zimedumu zaidi ya karne moja bila bwana shamba wa kulazimisha. Kuanzia 1999 hadi 2004 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kikisaidiwa na shirika la Japani la JICA, kilijenga kituo chake cha maendeleo endelevu vijijini, na sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Umatengo na milima hii ya Uluguru. Kumbe mkono wa Mjapani ulifika Morogoro bila pweza wala sushi. Ulifika kusikiliza wakulima, na msingi wa kazi ile ulikuwa kwamba elimu ya mwenyeji ndiyo pa kuanzia.

Basi hoja yangu naiweka mezani. Riziki ya wengi hutunzwa na wale wanaoila, endapo wamekubaliana wenyewe, wamegawana subira kwa haki, na wameona matunda kwa macho yao. Mwamba wa Kisiwa Panza na mteremko wa Mgeta ni kesi moja.

Kinachodaiwa kwetu

Sisemi kwamba kila pweza anayekosekana baharini ameuawa na jembe la Uluguru. Matumbawe yetu yaliungua kwa joto la bahari mwaka 1998, yakavunjwa na baruti kwa miaka mingi, na yanavunjwa hata na vyuma vya kuchokolea. Lakini matumbawe huishi kwa mwanga, na maji yenye tope hulizima jua. Pasipo matumbawe hakuna tundu, na pasipo tundu hakuna pweza. Sisi tuliokaa kwenye chanzo cha mto tuna sehemu yetu katika deni hilo.

Kwa wanafunzi wa kilimo na misitu: mkienda Mgeta au Kinole, msianze na mchoro wa ngazi. Anzeni na mama mwenye shamba, muulizeni maji hupita wapi mvua ikinyesha usiku. Atawaonyesha.

Kwa viongozi: hifadhi ya asili ya Uluguru, iliyotangazwa 2008, ina hekta zaidi ya 24,000. Mipaka yake italindwa vizuri na kijiji kinachopata kitu kuliko na askari mwenye bunduki.

Na kwetu sote tunaokula: barafu na barabara vimemleta pweza mbali na bahari, na tangu Juni 2024 treni ya umeme imeifanya Dar es Salaam kuwa mwendo wa chini ya saa mbili kutoka hapa. Morogoro sasa ni soko la pwani, tupende tusipende. Ukiwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ukiwa hapa katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, au popote unapomkuta pweza mezani, mwombe muuzaji ampime. Asiyefika nusu kilo, mwache pale pale na useme kwa nini. Usimgombeze muuzaji, mweleze tu kwamba huyo bado hajataga.